Ujumbe uliosema "Mkopo wako umefutwa"

Agosti 2024, saa mbili usiku, nilipigiwa simu na kijana ambaye miezi michache nyuma alikuwa amenilipa kwa kazi ya tafsiri. Hakusalimia. Akaniuliza, "Kaka, hivi 'umefutwa' maana yake nini?" Nikaanza kumweleza kama mwalimu wa darasa la sita: kitenzi ni futa, kauli ya kutendwa ni futwa. Akanikatiza. "Basi kuna dada Morogoro hataki kulipa laki sita kwa sababu ya hiyo kauli yako ya kutendwa."

Siku hizi vijana wengi wanapewa kazi za kugeuza programu za simu kuwa za Kiswahili, na naona wengi wanaingia kwa mlango ule ule nilioingia mimi. Unajua Kiingereza, umekulia kwenye Kiswahili, kompyuta unaijua, unaona mtaji umetimia. Mimi nilikuwa na la ziada: ni mtu wa Tanga. Anayetujua watu wa Tanga anaelewa kiburi hicho kinavyokuwa. Kiswahili nimekinyonya, sasa nani wa kunifundisha?

Kazi yenyewe ilikuja Machi 2024. Vijana wanne walikuwa wametengeneza programu ya kutunza hesabu za vikoba (wenzetu wa Kenya mngesema chama): nani kanunua hisa ngapi, nani kakopa, nani kachelewa akapigwa faini, mfuko wa jamii una kiasi gani. Waliiandika yote kwa Kiingereza, halafu wakakumbuka kwamba watumiaji wao ni kina mama wa sokoni. Wakaniletea faili la Excel lenye vifungu 1,380. Upande wa kushoto Kiingereza, upande wa kulia patupu.

Kwanza walitaka kunilipa kwa kila neno la Kiswahili. Hapo angalau niliamka. "Sitakulipa" ni neno moja kwetu, kwa Kiingereza ni maneno matano. Anayekubali kuhesabiwa kwa maneno ya Kiswahili anajiibia mwenyewe. Dai hesabu ya lugha unayotoka. Tukaelewana jumla ya shilingi 450,000, wiki mbili, nusu mkononi. Nilijiona mjanja. Kumbe sikuweka hata siku moja ya kwenda kuona watu wakiitumia, na siku hizo baadaye nilizilipia mwenyewe.

Nikajifungia chumbani na kamusi na orodha za istilahi nilizokusanya tangu chuoni. Hii mada naipenda. Mwishoni mwa 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa OpenOffice ya Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Kazi ya maana, na bado naiheshimu. Lakini jiulize ni nani unayemfahamu aliyewahi kuandika barua ndani yake. Waliokuwa na kompyuta wakati ule walikuwa wamezijulia kwa Kiingereza. Kidole kilishazoea pale juu kushoto pameandikwa File, na ukipaandika Faili, mtu anaona umemhamishia choo. Halafu 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, na menyu yake ya nyota na reli ikawa ya Kiswahili. Bibi yangu ambaye hajawahi kushika kompyuta akajua kutuma, kutoa, salio, wakala, makato na namba ya siri. Hakuna aliyemwekea semina.

Hilo nilikuwa nalijua, hata kwenye vijiwe vya kahawa nimelihubiri. Lakini nilipokaa mbele ya Excel nikalisahau lote, na mahali pa namba ya siri nikaandika "nywila."

Niliandika mengi ya aina hiyo. Kufuta hatua niliita "ghairi." Salio nikaliita "mizania." Palipohitaji marejesho niliandika "malipo ya kurudisha deni," na kwa hilo ningepigwa viboko, kwa sababu hakuna kikoba nchi hii ambacho hakina neno "rejesho." Mtu anasema "leo nimekuja na rejesho langu" kama anavyosema nimekuja na mwamvuli. Mimi nikaliacha neno hilo sokoni, nikaenda kulitafuta kwenye kamusi.

Kosa kubwa zaidi ni kwamba sikuomba kuona skrini hata moja. Nilikuwa natafsiri maneno yanayoning'inia hewani. Ukikutana na "Share" kwenye Excel ya kikoba, utaandika nini? Hisa, bila shaka. Nikaandika hisa. Kumbe wale vijana walitumia neno hilo hilo mahali pawili: kwenye hisa zenyewe, na kwenye kitufe cha kutuma ripoti kwa WhatsApp. Mfumo wao ukaona neno ni moja, tafsiri ikawa moja. Kwa wiki mbili mweka hazina aliyetaka kutuma ripoti kwenye grupu alibonyeza kitufe kilichoandikwa "Hisa," na wengine waliogopa kukigusa wakidhani watanunua hisa bila kutaka. Dawa ya tatizo hili ipo na ni ya siku nyingi. Watengenezaji wanaweza kuambatanisha maelezo kwa kila kifungu, kwamba hiki ni kitufe, hiki ni kichwa cha ukurasa, na neno moja likapewa tafsiri mbili. Wasipoombwa hawafanyi.

Jambo moja nililipigania na nikashinda, nalo ndilo lililoniumbua. Vijana walikuwa na sentensi yenye tundu: kitu fulani kikiondolewa kwenye kumbukumbu, programu inachomeka jina lake na kumalizia na "imefutwa." Kwa Kiingereza inakubali. Kwetu inatoa "Kikao imefutwa," "Hisa imefutwa" hata zikiwa kumi, "Mkopo imefutwa." Nikawaandikia ujumbe mrefu kuhusu ngeli. Nikawaambia Kiswahili hakina shida na mume au mke, "amelipa" ni ya wote, lakini kila nomino inadai kiambishi chake, kwa hiyo hawawezi kujenga sentensi kwa vipande kama matofali. Wakalalamika, kisha wakakubali kuandika sentensi kamili kwa kila kitu. Kikao kimefutwa. Hisa zimefutwa. Faini imefutwa. Mkopo umefutwa.

Nililala usingizi mzuri siku ile. Upatanisho wa kisarufi safi kabisa.

Programu ilianza kutumika Juni kwenye vikundi vichache vya majaribio. Malalamiko ya kwanza yalikuwa ya kuchekesha. Kikundi kimoja kiliuliza kwa nini simu inawadai nywele. Walikuwa wameisoma "nywila" kwa haraka, na mmoja akadhani ni utambulisho mpya kama alama za vidole. Tukabadilisha kuwa namba ya siri, mambo yakaisha siku hiyo hiyo.

Ya pili haikuchekesha sana. Programu ilikuwa inatuma ukumbusho wa kikao, na mimi nilitafsiri sentensi bila kugusa tarakimu: "Kikao ni Jumamosi saa 10:00." Mashine ilimaanisha saa nne asubuhi. Nusu ya wanachama wakaja saa nne kama walivyozoea, nusu wakaamini simu, wakatokea saa kumi jioni wakakuta watu wameshatawanyika. Na kwenye kikoba kutokufika kuna faini. Elfu moja moja watu kumi na moja, na kila mmoja ana ujumbe kwenye simu unaomtetea. Yaani sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, hilo mtoto wa chekechea analijua, na mimi msomi nikalipita. Ukiandika 10:00 peke yake, anayesoma saa ya mkononi atajua ni saa nne. Ukitanguliza neno "saa," umeingia kwenye Kiswahili, na kwenye Kiswahili saa kumi ni saa kumi. Andika "saa 4:00 asubuhi" na umlazimishe mtengenezaji aondoe sita. Atakuambia ni usumbufu. Mwambie alipe faini za watu kumi na moja.

Halafu Agosti, ile simu ya usiku.

Nilipanda treni ya umeme kwenda Morogoro, elfu kumi na tatu kwenda na nyingine kurudi, za mfukoni mwangu. Vijana walisema bajeti imeisha. Kikundi kilikuwa kinakutana kwenye kibaraza nyuma ya mashine ya kusaga, kina mama kama ishirini na tano kwenye mikeka, sanduku la kufuli tatu katikati, na daftari kubwa la jalada gumu juu ya mapaja ya mweka hazina. Kando ya daftari, simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi wa maneno?"

Nikasema ndiye. Akanitazama kuanzia viatu. "Kaa. Usome."

Akanipa simu ya mwanachama mmoja, dada anayeuza mitumba, ambaye alikuwa amekaa pembeni amekunja mikono. Ujumbe ulikuwa mfupi: Mkopo wako wa Sh 600,000 umefutwa.

Kilichotokea ni hiki. Mweka hazina aliuingiza mkopo wa yule dada mara mbili, kwa sababu mtandao ulisita akadhani wa kwanza haujaingia. Jioni akaona mikopo miwili, akaondoa mmoja. Programu ikatuma taarifa kwa mhusika, kama ilivyoagizwa. Na kwa Kiswahili cha dunia hii, mkopo ukifutwa maana yake umesamehewa. Ndivyo magazeti yanavyoandika nchi ikisamehewa deni. Ndivyo mwenye duka anavyosema akimwonea huruma mfiwa, "lile deni nimelifuta." Hakuna mtu anayefuta mkopo kwa maana ya kurekebisha hesabu. Mimi nilikuwa natazama kiambishi, sikutazama neno.

Dada hakuwa mjinga wala tapeli, na hilo nataka lieleweke, kwa sababu wale vijana walishaanza kumwita hivyo. Mwezi mmoja kabla alikuwa amefiwa na mama yake. Kikundi kilimchangia kutoka mfuko wa jamii. Alipopata ule ujumbe aliona wenzake wamezidi wema. Alimwonyesha mumewe. Alilia, ameniambia mwenyewe. Siku mbili baadaye anaambiwa alete rejesho, na simu yake mkononi inasema vingine. Nani asingegoma?

Nilimwomba radhi mbele ya wote. Sikuwa nimewahi kuomba radhi kwa ajili ya kitenzi. Hakujibu, alifunga tu kitenge upya.

Baada ya hapo nikamwuliza mweka hazina swali ambalo ningeliuliza Machi bila nauli: "Mama, kwenye daftari ukikosea mnasemaje?"

"Tunakata."

"Mnafuta?"

"Hatufuti!" Alisema kwa nguvu hata waliokuwa wanapiga soga wakageuka. Akafungua daftari, akanionyesha ukurasa wenye mstari mwekundu uliopita juu ya jina na kiasi, bado vinasomeka chini yake, pembeni pameandikwa "imekosewa," sahihi yake na ya katibu. "Ukifuta kwenye daftari la kikoba umeiba. Hata kama hujaiba, umeiba. Nikikuta hapa pamepakwa ile rangi nyeupe, naitisha kikao leo leo."

Pale kwenye mkeka ndipo nilipoona kwamba ningeweza kukaa na kamusi mwezi mzima nikabadilisha "futa" kuwa "ondoa," kuwa "toa," kuwa chochote, na bado ningekosea. Tendo lenyewe halipo kwao. Programu ile iliandikwa na watu waliozoea kwamba ukikosea unafuta na hakuna anayejua, na mimi nilipewa kazi ya kulitafutia jina jambo ambalo kwa hawa kina mama ni wizi. Kumbe walishaliona mapema. Mweka hazina alinieleza kwamba tangu Juni alikuwa na wasiwasi na kile kitufe, na ndiyo maana daftari hakuliacha.

Kuwashawishi vijana kulichukua wiki tatu na maneno makali. Mmoja aliniambia nimepewa kazi ya lugha, mfumo niwaachie wao. Nikawatumia picha ya ukurasa wa daftari wenye mstari mwekundu. Hoja zangu zote hazikufua dafu mbele ya ile picha. Mwishowe wakakubali: kumbukumbu haiondoki tena, inapigwa mstari na kubaki inaonekana, na kitufe kinasema "Kata, imekosewa." Kinachofuata ni swali moja la uthibitisho na majibu mawili, "Ndiyo, kata" na "Hapana, rudi." Lile "ghairi" langu limekufa. Bado nalipenda, ni neno zuri la mashairi, lakini mtu mwenye wasiwasi na fedha za wenzake halihitaji.

Vifungu vyote 1,380 nilivipitia upya bila malipo. Siwashauri mfanye hivyo. Mimi nilikuwa nalipa dhambi. Safari hii nilifanya kwa namna nyingine, na ndiyo namna ninayofanya hadi leo. Naomba picha ya kila skrini kabla sijaandika neno. Nikimaliza, nampa simu mtu asiyehusika na kazi, namwambia asome kitufe kwa sauti, kisha aniambie anadhani kitatokea nini akibonyeza, kabla hajabonyeza. Usimwulize kama ameelewa. Watu wetu wana adabu, atasema ameelewa. Mwulize kitatokea nini. Sehemu moja palipoandikwa "Thibitisha," mama wa watu aliniambia, "hapa wanataka vyeti." Tukaweka "Kubali." Na kwenye mkataba siku hizi naweka siku tatu za majaribio, nauli juu ya mwenye kazi, vinginevyo sianzi.

Mtu asidhani nimegeuka adui wa maneno mapya. "Barua pepe" ilikuwa ngeni, sasa ni mali yetu. Tazama "kishikwambi." Miaka michache tu iliyopita ungelisema neno hilo mtaani wangedhani ni mdudu. Sensa ya 2022 ikaja, makarani wakapewa vishikwambi, redio zikaimba vishikwambi, baadaye vikapelekwa kwa walimu, na leo hata mtu wa bodaboda analitaja bila kucheka. Neno na kitu vilifika mlangoni siku moja, mgeni na jina lake. Nywila ilifika wakati namba ya siri imeshaoa, imezaa, na ina wajukuu. Tarakilishi nayo, Kenya watoto wanaikuta kwenye vitabu vya shule, halafu wakitoka darasani wanasema kompyuta kama sisi. Tunaweza kubishana hadi asubuhi kama mashine hizi mpya zinazoandika zenyewe ziitwe akili mnemba, akili unde au akili bandia. Mimi nasubiri nisikie mama lishe anaziitaje.

Na kwa kuwa nimezitaja: nimeanza kuletewa mafaili ambayo mashine imeshatafsiri, naambiwa nipitie tu, kwa nusu ya bei. Kiswahili chake kimenyooka kuliko nilivyotarajia. Ngeli inazijua. Kwa kujaribu niliipa ile sentensi ya kuondoa mkopo ulioingizwa kimakosa, peke yake, bila skrini, kama nilivyopewa mimi. Ikaandika "Mkopo umefutwa," kwa upatanisho safi kabisa. Nikacheka peke yangu chumbani. Sasa nikiletewa "kupitia tu," nadai bei kamili.

Morogoro nilirudi Desemba, wanavunja kikoba, yaani wanagawana akiba ya mwaka. Safari hii nilialikwa, nikapewa pilau na soda. Yule dada wa mitumba alikuwa amemaliza rejesho lake la mwisho wiki hiyo, na mweka hazina akalisoma daftari kwanza, kisha simu, vyote vikalingana. Watu wakapiga makofi. Simu ya dada ikalia, akaufungua ujumbe, akausoma kimya, halafu akanijia nilipokaa na sahani yangu.

"Kaka," akasema, akinisogezea simu, "hapa wameandika 'Mkopo wako umelipwa wote.' Na hii uliiandika wewe?"

Nikamwambia ndiyo.

"Haya. Isije ikawa kesho ina maana nyingine."